Desemba hii nataka kuwatoa watoto, si Zanzibar wala mbugani

Mwalimu wa Zamu (Dodoma)

Habari zenu wakuu. Mimi ni mwalimu wa sekondari, nina mke na watoto wawili, wa miaka 10 na 7. Karibu kila Desemba tunakwenda kijijini kwa wazazi, tukirudi shule zinafunguliwa. Mwaka huu nimeweka kando laki nane, na nina siku saba. Mwaka jana nilituma malipo ya awali kwa hoteli moja ya pwani. Tulipofika chumba kilishapewa watu wengine, tukalala gesti nyuma ya stendi. Binti yangu mpaka leo anaikumbuka siku ile.

Nataka maji ya kuogelea, chakula cha kawaida, na watoto waone kitu ambacho vitabu vyao havijawaonyesha. Kuna mahali humu nchini mlifika mkajiuliza mbona hamkuambiwa mapema? Na njia ya kufika nielekezeni.

Dereva wa Babati

Mwalimu, maji sina, lakini kwa kuwa uko Dodoma nakuambia Kolo. Ukishapita Kondoa kuelekea Babati, kijiji kiko barabarani. Mimi nimekipita miaka na miaka na mzigo, kibao cha michoro ya miambani nakiona, sisimami. Siku moja gari likanigomea palepale. Fundi alikuwa anatoka mbali, nikaingia ofisi ya Mambo ya Kale, nikalipa kiingilio, tukapanda mlima na muongozaji.

Kuna mwamba mmoja una watu wembamba warefu waliochorwa kwa rangi nyekundu, vichwa vimefuga nywele nyingi. Wa katikati ni kama anavutwa mikono, wawili huku, wawili kule. Nilisimama pale hadi muongozaji akaniuliza kama naumwa. UNESCO waliiingiza michoro ile kwenye urithi wa dunia mwaka 2006, na Warangi, wenyeji wa kule, mpaka leo wanapanda kule kufanya matambiko. Ni safari ya siku moja kwako, hata kabla ya Desemba. Wavishe watoto viatu vya kufunga, kuna kupanda.

Mama Wawili (Morogoro)

Mwalimu, mimi nakupeleka Matema, kule Ziwa Nyasa linakoishia upande wa kaskazini, wilaya ya Kyela.

Sikwenda kutembea, nilikwenda kuzika. Mama mkwe wa dada yangu alifariki, tukasafiri usiku kucha, tukazika karibu na Ipinda. Baada ya matanga shemeji akasema hamwondoki kabla hamjanawa miguu ziwani. Nilidhani ni maneno tu ya kutuliza wafiwa. Nilikaa siku tatu, na tangu hapo nimerudi mara mbili na watoto.

Utamu unaanza njiani. Tukuyu ni baridi, migomba na chai mpaka ukingoni mwa lami, umejifunga sweta. Gari likianza kuteremka kwenda Kyela, sweta unalivua, dirisha unafungua, na katikati ya migomba unaanza kuona mikokoa. Nilikuwa sijawahi kuuona mkokoa. Matunda yake yameota kwenye shina lenyewe, kama mtu kayabandika, mengine ya njano, mengine mekundu. Mwanangu mdogo alipewa moja, wenzake wakalipasua kwenye jiwe, wakamfundisha kufyonza ule utando mweupe unaozunguka mbegu. Ni mtamu wenye ukakasi kidogo, unafanana na stafeli. Mbegu asiing'ate, ni chungu. Mbele kidogo tulikuta kokoa imeanikwa kwenye turubai, inanuka kama siki.

Matema yenyewe ni mchanga, kisha maji, na upande wa mashariki milima ya Livingstone imesimama wima, miguu yake iko ndani ya ziwa. Kwa hiyo jua linachelewa kukufikia. Kumeshakucha, jogoo wamemaliza kuwika, nyinyi bado mko kivulini, na ng'ambo kule kuelekea Malawi mnaona mwanga umeshatua. Ndio wakati mitumbwi inarudi na samaki. Mkubwa wangu, ambaye alizoea bahari, aliingia majini, akanyamaza, kisha akaja mbio: "Mama, hayana chumvi!" Alikuwa anayajua maziwa ya darasani tu.

Jumamosi usiikose. Kuna soko la Lyulilo, mwendo mfupi kwa miguu, vyungu vinaletwa kwa mitumbwi kutoka kijiji cha Ikombe, kwa Wakisi, kabila la wafinyanzi. Sisi tulikwenda mpaka Ikombe kwenyewe, kwa mtumbwi, tukiambaa na mlima. Nilimkuta mama mmoja wa makamo ameweka udongo juu ya kigae, mkono mmoja anazungusha, mwingine unapandisha ukingo. Wala hakutazama mikono yake, alikuwa anaongea nasi. Chungu kilichokwisha kukauka alikuwa anakisugua kwa kokoto hadi kinang'aa. Nilimwomba niishike ile kokoto. Ilikuwa imelika upande mmoja kama kipande cha sabuni, inateleza. Akasema ilikuwa ya mama yake. Nilinunua vyungu viwili, kimoja napikia maharage mpaka leo, na sitaki mtu akiguse.

Njia: fikeni Mbeya, mlale. Asubuhi pandeni kosta za Kyela stendi ya Nanenane, halafu mtapata gari dogo la kupitia Ipinda hadi Matema. Malazi sisi tulilala nyumba za wageni za kanisa, safi, chandarua kizima, ukifungua mlango unakanyaga mchanga. Pigeni simu kabla. Chakula ni wali wa Kyela na samaki wa ziwani, mbasa au usipa wa kukaanga, ambao ni dagaa wa huko. Jambo moja, tafadhali: msioge karibu na mdomo wa mto Lufilyo, kuna mamba. Kila mara waulizeni wenyeji pa kuogea, na mkirudi mkapime kichocho. Mimi huwapima wangu kila safari.

Mwana wa Kyela

Dada ndaga fijo, yaani asante sana, umetusemea vizuri. Niongeze la hali ya hewa. Desemba mvua zimeshaanza kwetu, zinapiga na radi, sana sana mchana na jioni. Mkiona wingu limekaa mlimani, watoto watoke majini. Mtumbwi wa Ikombe pandeni asubuhi tu. Lakini msiogope mkaahirisha hadi Julai mkidhani ndio salama zaidi. Kati ya Mei na Agosti upepo wa mwera hulichafua ziwa, wageni hukaa siku nzima wanatazama mawimbi. Msije Machi wala Aprili, hapo ni mafuriko.

Na mwalimu, wafundishe watoto kusalimia. Asubuhi waseme "mwagonile". Mzee wa huku akisalimiwa hivyo na mtoto wa Dodoma, ndizi mtabeba wenyewe.

Mwalimu wa Zamu

Asanteni sana. Nimemsomea mke wangu yote, amekwama kwenye ile kokoto. Kolo tutakwenda Jumamosi hii, Matema tutaondoka tarehe 14, siku mbili njiani kwenda, mbili kurudi, tatu za ziwani. Mama Wawili, vyungu ulivifikishaje Morogoro vikiwa vizima?

Mama Wawili (Morogoro)

Waambie pale pale sokoni wakufungie kwa majani makavu ya migomba, wanajua kufunga. Ndani ya chungu jaza nguo za watoto. Usikubali konda akiweke kwenye buti, hata akikuahidi nini. Mimi nilikipakata kutoka Kyela hadi stendi yetu ya Msamvu, na kile kingine alikipakata dada yangu.