Go Dutch maana yake nini, nani analipa?

Hamisi: Shikamooni wakubwa. Naomba msaada, kuna mgeni wa mradi katoka Uingereza katuandikia Ijumaa tukale naye mchana halafu mwishoni kaweka let's go Dutch. Sasa analipa yeye au?

Mamdogo Rukia: Marahaba mwanangu. Halipi huyo, nenda na hela yako

Bamdogo Idi: Maana yake kila mtu anajilipia alichokula na kunywa basi. Hakualika huyo, kaomba mkae pamoja tu, ni vitu viwili tofauti kabisa

Asha: Mi najua ni kugawa bili sawa kwa sawa Bamdogo

Zuhura: Wengine wanaitumia hivyo pia Asha ila maana iliyozoeleka zaidi ni kila mtu na chake. Kugawa sawa wanasema split the bill evenly. Na tofauti yake kubwa jamani, chukua watu 4, wawili wamekula wali samaki wa 15,000, mmoja 30,000, mwingine kamba wa 40,000, jumla laki. Mkigawa sawa ni 25,000 kila mtu, yaani wale wa wali samaki wameongeza elfu kumi kumi kulipia vyakula vya wenzao wasivyovionja. Kwa hiyo Hamisi muulizeni kabla hamjaagiza

Mamdogo Rukia: Zuhura wewe si uko hukohuko Uholanzi, na Dutch si ndo Waholanzi, kwani ndo wachoyo hivyo mpaka wakaitiwa jina?

Zuhura: Hapana Ma, hiyo ni chuki ya Waingereza ya zamani. Walipigana nao vita tatu kuanzia 1652 mpaka 1674 wakigombania biashara ya baharini, na 1667 Waholanzi waliingia mpaka mto Medway hukohuko Uingereza wakachoma meli za Waingereza na kuondoka na meli kubwa ya mfalme, Royal Charles, lile pambo la nyuma ya meli liko makumbusho ya Rijksmuseum Amsterdam mpaka leo nimeliona. Tangu enzi hizo Kiingereza kikajaa maneno ya kuwasema vibaya, kama Dutch courage ni ule ujasiri wa mtu akishalewa. Hii ya kujilipia ilikuja baadaye Marekani, miaka ya 1800 walikuwa wanasema Dutch treat

Bamdogo Idi: Na Waturuki wanasema kulipa Kijerumani. Waitaliano wao wanasema kulipa Kiroma, ila ya kwao ni kugawa sawa

Zuhura: Ila kujilipia huku ni kawaida kweli, kuna programu ya simu inaitwa Tikkie, benki ya ABN AMRO ilianzisha 2016, mmoja analipa bili yote halafu anawatumia wenzake linki kila mtu arudishe chake. Hakuna anayenuna

Shangazi Mwanaidi: Huko sawa ndo walivyozoeana. Hapa kwetu ukimwambia mtu njoo nikutoe umeshalipa, usimfikishe mezani ndo umwambie kila mtu na chake, unamdhalilisha maana huenda katoka na nauli tu. Kama ni kujilipia semeni mapema mtu ajipange au akatae kwa heshima

Asha: Kweli shangazi, kutokusema ndo kunaleta ugomvi

Shangazi Mwanaidi: Na msichanganye na mchango. Kwenye mchango wa harusi au msiba mnambeba mwenye shughuli, kila mtu anatoa kwa uwezo wake, haijalishi umekula nini. Asije mtu kwenye msiba akaanza hesabu za Kiholanzi

Bamdogo Idi: Huyo mgeni kafanya uungwana, kasema kabla

Hamisi: Nimeelewa sana. Sasa namjibu vipi?

Zuhura: Mwandikie tu sure, that works for me, yaani sawa, kwangu haina shida. Halafu mkifika mwambieni mhudumu tangu mwanzo awaandikie bili tofauti, mkisubiri mwisho mtakaa hapo nusu saa kukumbushana nani kaagiza soda mbili

Hamisi: Sawa dada asante. Ngoja niwaambie na wenzangu wa ofisini, kuna mmoja alishaanza kutangaza kwamba Ijumaa tunakula bure