Mche umegugunwa usiku, wewe unaniambia "paka oili chafu". Umejuaje ni mnyama gani?

Wakuu, salaam. Mods, naomba uzi huu msiuunganishe na ule wa bei za parachichi. Huu ni wa malalamiko na nina hasira.

Nipo Arumeru, pembezoni mwa Hifadhi ya Taifa ya Arusha, huku ambako alfajiri unasikia mbega wakiunguruma msituni kabla jogoo hajamaliza zamu yake. Nyuma ya nyumba nina bustani: miparachichi ya Hass, miembe michache, na mdalasini wa mama watoto ambao haugusiki hata na mimi. Miche ya kubebesha, yaani kikonyo cha aina nzuri kimeunganishwa juu ya shina la mche mwingine, siyo ya kuokota chini ya mti. Kiangazi hiki imeanza kuliwa. Siyo majani, siyo matawi. Shina, chini kabisa karibu na udongo, linavuliwa gome usiku mpaka weupe wa ndani unabaki nje.

Mnyama mwenyewe sina ugomvi naye. Porini kumekauka, kwangu kunamwagiliwa, asipokuja kwangu aende wapi? Wanaonikera ni binadamu. Kila niliyemuuliza alikuwa na dawa mkononi kabla hajauliza swali hata moja.

Duka la pembejeo nikaambiwa ipo dawa ya kufukuza wanyama. Wanyama gani? "Wote, mzee." Wote! Kuanzia panya hadi tembo, chupa moja. Naigeuza chupa, hakuna jina la kiambata amilifu, hakuna namba ya usajili, kuna picha ya simba tu. Jamani, kiuatilifu hapa nchini kinatakiwa kisajiliwe na TPHPA (Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu) na lebo ieleze kilichomo ndani. Nikamrudishia chupa yake, akanuna kana kwamba nimemtukana.

Nikamwita mtaalamu, nikalipa nauli na posho. Akasimama wima pale bustanini, mikono nyuma, akautazama mche kutokea juu, akasema ni kuvu. Kuvu yenye meno? Nikamwomba ainame aangalie. Akasema suruali itachafuka. Nauli yangu ikaondoka hivyo.

Ofisi ya wanyamapori nako nikaulizwa swali moja: "Ni tembo?" Nikasema hapana. "Kiboko? Nyati?" Hapana. "Basi mzee hilo la kwako dogo." Kwa wasiojua, kuna Kanuni za 2011 kuhusu madhara ya wanyama hatari, chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya 2009, na kinachotolewa kule kinaitwa kifuta jasho, siyo fidia. Sikwenda kudai hela. Nilitaka mtu mmoja mwenye ujuzi aniambie nyayo hizi ni za nani, nikarudi na ushauri wa kumwona mwenyekiti wa kitongoji.

Halafu mnakuja ninyi wa humu. Kila uzi wa miche kuliwa, jibu la kwanza ni "ni tumbili hao", la pili "paka oili chafu", la tatu "tega waya". Hakuna anayeomba hata picha ya shina.

Nianze na tumbili, maana amesingiziwa vya kutosha. Tumbili anakuja mchana. Anachuma vichipukizi, anavunja tawi kwa kulikalia, anang'oa kamche kadogo akionje na kukitupa, na utamwona kwa macho yako kwa sababu hata aibu hana. Kima naye ni mchana, nyani ni mchana. Gome limevuliwa saa nane za usiku, mbwa wamebweka, geti limefungwa, wewe unaniandikia tumbili? Tumbili usiku kalala juu ya mti.

Sasa inameni na mimi, kwa kuwa mtaalamu aliogopa suruali.

Nilichukua mche mmoja, mparachichi wenye unene wa kidole gumba, nikapiga magoti na tochi. Jeraha linaanza usawa wa udongo na kupanda hadi karibu na goti. Kwenye sehemu nyeupe kuna mifereji inayokwenda miwili miwili, sambamba, mipana kiasi cha kuingiza ncha ya kalamu. Chini kuna vipande vya gome vimetemwa, yaani mlaji hakuwa na haja na gome la nje, alikuwa anatafuta utando laini wa ndani wenye maji na sukari. Pembeni udongo umefukuliwa na mzizi mmoja umetafunwa. Jioni nikachekecha majivu kuzunguka mche, safu nyembamba. Asubuhi nikakuta nyayo pana zenye makucha, na nyuma yake mistari myembamba iliyoburutwa. Ile mistari ni miiba. Na kama hiyo haikutosha, hatua chache kuelekea kwenye ua kulikuwa na mwiba wenyewe, mweusi na mweupe, umelala chini.

Nungunungu. Kazi yote hiyo ilihitaji tochi na majivu ya jikoni.

Huyu ni mgugunaji mkubwa, anaweza kufika kilo 20, na meno yake ya mbele hayaachi kukua. Mchana analala shimoni, mara nyingi shimo lililochimbwa na muhanga, usiku anapita njia ileile kila siku. Anakula mizizi, mihogo, viazi, maboga, na magome wakati wa ukame. (Na wale wanaosema anarusha miiba kama mishale, acheni hizo. Hairushi. Anarudi kinyumenyume kwa nguvu, inakuchoma, inabaki mwilini mwako.)

Kwa nini nasisitiza kumjua? Kwa sababu mwingine akija, kila kitu kinabadilika. Mche uliokatwa kwa mshazari, safi, usawa wa chini ya mita moja, kipande kimeachwa au kimeliwa, huyo ni sungura pori, maana ana meno makali juu na chini. Angalia kinyesi, vidonge vya mviringo vyenye nyuzinyuzi. Ncha iliyochanika, yenye nyuzi zinazoning'inia, hiyo ni digidigi, pongo, au ndugu zao, kwa kuwa hawana meno ya mbele ya juu. Hawakati, wanang'oa kwa kuvuta. Na hapa ndipo kesi nyingi za kijijini zinapoharibika, kwa sababu mbuzi na ng'ombe nao hawana meno hayo. Watu wanaapa ni swala, kumbe ni mbuzi wa balozi wa nyumba kumi. Digidigi ni mfupi, hafiki juu, na ana desturi ya kurudia choo chake mahali pamoja, utakuta kirundo cha vidonge vidogo sana. Mbuzi anakunya anapotembea na atasimama kwa miguu ya nyuma ale mpaka juu. Kabla hujaenda kwa mtendaji kulalamikia hifadhi, pitia kwanza zizi la jirani.

Mche umenyauka bila jeraha lolote, ukiuvuta unatoka mkononi hauna mizizi, kuna vilima vya udongo mbichi karibu, huyo ni fuko. Unaweza kuzungushia mche wavu wa dhahabu juu ya ardhi, fuko hana habari, yeye yuko chini. Mikwaruzo midogo ya milimita moja au mbili iliyojificha chini ya matandazo (nyasi na majani ya kufunika udongo), panya. Gome limeliwa lakini juu yake kuna ukuta wa tope umepakwa, huyo ni mchwa, hata siyo mnyama wa kumwekea uzio.

Haya, oili chafu. Najua imetoka wapi. Wakulima wanaopakana na hifadhi huichanganya na pilipili wakapaka kwenye kamba za uzio dhidi ya TEMBO. Kwenye kamba! Dhidi ya mnyama mwenye pua ndefu kuliko mkono wako. Mtu kasikia nusu ya habari, akaenda kupaka kwenye gome la mche wa parachichi. Gome changa linapumua, oili ya injini inaliunguza na kuziba. Mche unakufa, nungunungu anahamia wa pili ambao haujapakwa, na aliyekushauri yuko kwenye uzi mwingine anashauri watu.

Waliosema sumu ndio wamenimaliza kabisa. Mahindi yaliyochanganywa na dawa ya wadudu hayachagui. Jirani yangu wa bondeni aliweka, nungunungu yupo mpaka leo, mbwa wake hayupo. Atakayefuata ni bundi na kanu wanaokula panya bure usiku kucha bila kukudai mshahara. Na mtego wa waya, mbali na kunasa paka wa watu na miguu ya watoto, kumkamata mnyamapori bila kibali ni kosa kisheria. Utafungwa wewe kwa ajili ya mche wa elfu tano.

Kinachofanya kazi ni kizuizi, na kizuizi lazima kimfuate mnyama. Kwa nungunungu wavu wa kuku ni mzaha, anausukuma, anaupinda na kuutafuna. Weka weldimeshi (wavu mgumu wa nyaya zilizochomelewa) au kipande cha bati kuzunguka mche, kimo kipite goti, na sehemu ifukiwe sentimita 30 hivi chini kwa sababu anachimba. Kisiguse shina, acha nafasi ya kiganja. Kigingi kiwe cha chuma au mti mgumu, mianzi myepesi anaibomoa. Kama bustani ni ndogo, ni nafuu kuzungushia bustani nzima bati fupi lililofukiwa kuliko mche mmoja mmoja. Piga hesabu mwenyewe. Halafu fyeka kichaka kinachogusa ua, na maboga yaliyooza usiyaache yanamkaribisha.

Kwa sungura ndipo wavu wa kuku unapofaa, matundu yasizidi sentimita 2.5, kimo kama sentimita 75. Kwa panya, ondoa matandazo yasiguse shina. Kwa tumbili, wavu haumzuii kitu, hapo unahitaji mtu na mbwa, na uvumilivu.

Jambo lingine linaloniudhi: wauza miche. Nilipopeleka malalamiko kwamba mche umevuliwa gome, muuzaji akasema, "Mbona majani ni ya kijani? Huo mzima, utachipua." Majani yatabaki ya kijani kwa wiki kadhaa, bwana! Maji yanapanda kwa ndani ya mti, hayo hayajakatwa. Kilichokatwa ni njia ya chakula kutoka majani kwenda mizizi, ambayo iko kwenye lile gome la ndani. Gome likizungukwa lote, mizizi inakufa njaa taratibu, kisha siku moja mti wote unakauka na wewe unalaumu jua. Likiliwa chini ya nusu ya mzunguko, mche una nafasi: safisha kingo kwa kisu kikali, kivuli kidogo, maji, subiri. Likizungukwa lote kwenye mti wenye umri na thamani, kuna mafundi wanaounganisha kwa vikonyo, kuruka jeraha kutoka chini kwenda juu, ila kwa kamche kachanga ni kupoteza muda.

Na huko "kuchipua" kwenyewe, angalia kunatokea wapi. Kukitokea chini ya sehemu ya kubebesha, hiyo siyo Hass tena. Ni parachichi la shina la chini, la kienyeji. Utaumwagilia miaka, uje uvune usichokitarajia, na muuzaji atakuambia udongo wako ndio mbaya.

NYONGEZA: Naona mmeshaanza. Mkuu unayesema "mchome nyama, tamu kama nguruwe", umesoma kipande cha kibali au umeruka? Mwingine anauliza kama mavi ya simba yanasaidia. Ukiyapata, karibu, mimi sitakwenda kuyafuata. Dada wa Lushoto, asante, picha yako ndiyo ya kwanza yenye maana humu: hiyo ncha imekatwa kwa mshazari na safi, sungura huyo, wavu wa kuku unakutosha, usitumie hela ya weldimeshi. Wa Makambako, hivyo vilima vya udongo ni fuko, na kama mche unacheza ukiutikisa basi mizizi imeshakwenda.

Anayetaka kusaidiwa aweke picha ya shina kwa karibu, pembeni yake sarafu ya mia mbili tuone ukubwa wa meno, na aseme ni mchana au usiku. Bila picha sijibu. Anayejua duka la Arusha mjini linalouza weldimeshi kwa mita badala ya kukulazimisha uchukue roli nzima, aniandikie hapa hadharani. Mwenye chupa ya picha ya simba asije PM.