Mpako wa hidroksiapatiti unapasuka juu ya titani: niongeze unene?

Mwanafunzi wa uzamili:
Wakuu, habari za kazi. Ninapaka hidroksiapatiti (madini ya kalsiamu na fosfeti yanayofanana na ya mfupa) juu ya vipande vya aloi ya titani vya majaribio ya vipandikizi, kwa kuvichovya kwenye soli (kimiminika chenye chembe ndogo mno, ambacho huganda kuwa jeli), kuvikausha, kisha kuvichoma tanurini kwa nyuzijoto 850 za Selsiasi. Vikishapoa, hadubini inaonyesha nyufa zilizotapakaa kama tope lililokauka, na kwenye kingo mpako unabanduka kwa utepe wa gundi tu. Nimeshauriwa niongeze matabaka ili mfupa upate pa kushika. Je, unene utasaidia?

Mtaalamu wa kauri:
Unene ndio utakaozidisha nyufa. Jeli ikikauka hutaka kusinyaa, lakini metali iliyo chini haisinyai, hivyo mpako unavutwa pande zote. Na kadiri ulivyo mnene ndivyo unavyopasuka kwa urahisi. Wakati wa kupoa, hidroksiapatiti husinyaa takriban mara moja na nusu kuliko titani, na mvutano huo wa pili unajumlishwa juu ya ule wa kwanza. Isitoshe, kwa joto hilo titani iliyo hewani hujenga oksidi nene isiyoshika vizuri. Geuza ganda lililobanduka ulitazame upande wa chini: ukikuta oksidi, basi kilichoachia si mpako wako. Shuka hadi nyuzijoto 600 hivi, na uchovye matabaka membamba, kila moja likikaushwa polepole.

Daktari wa meno:
Mimi ningeuliza kwanza kama mpako unahitajika. Mgonjwa wa kwanza wa Brånemark, mwanzilishi wa vipandikizi vya meno vya titani, huko Sweden mwaka 1965, aliwekewa titani isiyopakwa chochote, na vipandikizi vingi vya meno vya leo hupigwa mchanga na kuliwa na asidi hadi uso uwe na mikwaruzo ya maikromita 1 hadi 2. Hapo hakuna cha kubanduka. Ukitaka kemia isaidie, ipo njia ya mtafiti Kokubo wa Japani: titani huloweshwa katika haidroksidi ya sodiamu yenye joto la nyuzi 60 kwa saa 24, kisha huchomwa kwa nyuzi 600. Uso huo huvuta kalsiamu na fosfeti kutoka kwenye majimaji ya mwili, na kwa kuwa tabaka lake linafifia taratibu kuingia ndani ya metali, hakuna mpaka mkali wa kuachana.

Daktari wa mifupa:
Naafiki kwa meno, ila kwenye nyonga mambo ni tofauti kidogo. Vyuma vya paja vilivyopulizwa hidroksiapatiti kwa plazma (gesi yenye joto kali mno) vimetumika tangu miaka ya 1980, na vingi vimedumu vizuri. Hata hivyo, kipandikizi kikicheza kwa zaidi ya maikromita 150 hivi, mwili hukizungushia tishu za nyuzinyuzi badala ya mfupa, na hakuna mpako utakaokiokoa. Tena usiridhike na fuwele zilizoota kwenye majimaji ya maabara yanayoiga yale ya mwili, kwani hazithibitishi kwamba mfupa umeshika. Kipimo chenye uzito ni nguvu inayohitajika kukisukuma kipandikizi kitoke kwenye mfupa wa mnyama, pamoja na kutazama kilipoachia: ndani ya mfupa, au kati ya mpako na metali.