Mitihani ya mtandaoni ya AutoCAD, SketchUp na Photoshop: wachoraji wetu wanaonewa mchana kweupe

Assalaam aleykum wanajamvi wa Unguja na Pemba.

Nafungua uzi huu kwa hasira. Kuna waajiri hapa kwetu, wa ofisi za ramani na wa maduka ya mabango, ambao hawafungui hata faili moja la kazi za kijana mpaka awaonyeshe beji ya mtandaoni, yaani cheti cha kufaulu mtihani wa AutoCAD (programu ya kuchora ramani), SketchUp (ya kuchora maumbo ya pande tatu) au Photoshop (ya kuhariri picha). Beji yenyewe inalipiwa kwa dola, na anayefeli anarudishiwa asilimia tupu. Haambiwi swali gani wala kosa gani. Na makosa mengi yamo ndani ya mtihani. Nitayataja moja moja ili asitokee mtu akasema vijana wetu wavivu.

Vipimo kwanza. Maswali mengi yameandikwa kwa futi na inchi za Kimarekani. Msiniambie futi tunazijua. Fundi akisema chumba futi kumi kwa kumi na mbili kila mtu anamuelewa, lakini ramani tunaichora kwa milimita, skeli 1:100 au 1:50, karatasi A3 au A1. Mtihani unauliza: robo inchi kwa futi moja ni skeli gani? Jibu ni 1:48, kwa kuwa futi ina inchi 12 na kila inchi ina robo nne. Hesabu ya mtoto wa skuli. Lakini chukua rula ya pembetatu ya metriki uitazame: 1:20, 1:25, 1:50, 1:75, 1:100, 1:125. Hiyo 1:48 haimo. Kijana anapimwa kwa kitu ambacho hatakigusa kazini.

Faili la mtihani ndilo linaloua zaidi. Kwenye AutoCAD, mchoro ulioanzishwa kwa faili la kiolezo la acad.dwt uko katika inchi, ulioanzishwa kwa acadiso.dwt uko katika milimita. Ukiingiza bloku (mchoro mdogo uliokwishatayarishwa) ya milimita ndani ya mchoro wa inchi, programu inasoma mpangilio wa vipimo uitwao INSUNITS na kuipunguza mara 25.4 bila kukuuliza. Ukipima urefu, umekosea mara 25.4. Ukipima eneo, umekosea mara 645.16, yaani 25.4 kwa 25.4. Mistari imeungana vizuri, leya (matabaka ya mchoro) ziko sawa, na alama ni sifuri, kwa sababu mashine inayosahihisha haitazami mchoro. Inatazama nambari uliyoandika kwenye kisanduku. Kwa hiyo kabla ya kugusa chochote andika amri ya UNITS, tazama kipimo, na weka tarakimu nne baada ya nukta. Ukiiacha kwenye sifuri, 1249.6 itaonekana 1250 na utaiandika hivyo hivyo.

Halafu mitazamo mitatu ya kitu kimoja: wa mbele, wa juu na wa ubavuni. Huku tumezoea mpangilio uitwao pembe ya kwanza, ambapo mtazamo wa juu unachorwa chini ya mtazamo wa mbele, na wa kushoto unakaa kulia. Wamarekani wanatumia pembe ya tatu: wa juu unakaa juu, wa kushoto unakaa kushoto. Zote mbili halali. Ndiyo maana kuna ile alama ya koni iliyokatwa kichwa, msomaji ajue anasoma ipi. Swali lisilo na alama hiyo lina majibu mawili sahihi, na wao wanahesabu moja.

Sasa matoleo, na hapa ndipo ninapokasirika kweli. Photoshop mpaka toleo la CC 2018 ilikutaka ushikilie Shift ili picha isivurugike uwiano unapoikuza. Kuanzia CC 2019 mambo yamegeuka: uwiano unalindwa wenyewe, na Shift ndiyo inayouvunja. Ctrl+Z nayo ilikuwa ikirudi hatua moja tu, sasa inarudi nyingi. Mtihani unauliza "ushikilie kitufe gani" bila kutaja toleo. Mtu akijibu kwa anachokifanya kila siku anakosa, na aliyekariri kitabu cha zamani anapata. AutoCAD ina jambo kama hilo. Mpaka toleo la 2020, TRIM, amri ya kukata mistari, ilitaka uchague mstari wa kukatia, ubonyeze Enter, kisha ukate. Tangu 2021 unakata moja kwa moja, na Enter inaifunga amri. Kwenye programu halisi unaandika jina la mpangilio, TRIMEXTENDMODE, unaweka 0, unarudi kwenye utaratibu wa zamani. Lakini mitihani mingi si programu halisi, ni maigizo ya skrini. Inakubali njia moja ya kubofya, na anayetumia kibodi, ambaye kwa kawaida ndiye mwenye mkono mwepesi zaidi, anahesabiwa amekosa.

SketchUp: nguzo ya zege, nusu kipenyo milimita 150, urefu mita 3. Kwa kanuni ujazo ni mita za ujazo 0.212. Ukiichora kwa duara la kawaida la programu utaambiwa 0.210, kwa sababu duara lile ni vipande 24 vilivyonyooka. Je, sahihi ni ipi? Swali halisemi.

Na usimamizi wa kamera. Maiki ikinasa sauti ya mtu mwengine, mtihani unaweza kusitishwa. Mji Mkongwe nani anakaa mbali na msikiti? Adhana ya alasiri inaingia dirishani, mashine inaihesabu ni mtu wa pili chumbani. Msimamizi wa mbali anaweza kumtaka mtahiniwa aonyeshe masikio, na dada aliyejitanda mtandio hana pa kuuliza kama anayemtazama ni mwanamke. Pemba umeme mkubwa unapita kwenye waya wa chini ya bahari kutoka upande wa Tanga tangu 2010. Ukikatika Wete dakika tano tu, ruta inazimika, na saa ya mtihani inaendelea kula.

Kiwango cha kufaulu nacho kitazamwe. LinkedIn, mtandao wa watu wa kazi, walikuwa wakitoa beji kwa walioingia asilimia 30 ya juu, huku majibu ya maswali yamezagaa mtandaoni. Yaani waliokariri majibu ndio waliopandisha kizingiti kwa wasiokariri. Majaribio yale yaliondolewa mwaka 2023. Kwengine bado watu wanatozwa fedha kwa mtindo huo huo.

Ninachodai: toleo na kipimo vitajwe kabla ya malipo, matokeo yatoke kwa mada, na pawe na njia ya rufaa. Kiwango cha ISO/IEC 17024 cha watoa vyeti vya watu kinataka utaratibu wa rufaa na malalamiko. Kabla ya kulipa, waulizeni kwa maandishi kama wanakifuata.

Nanyi waajiri, mpeni kijana ramani ya nyumba ya vyumba vitatu iliyochorwa kwa mkono. Saa mbili. Alete plani na mkato mmoja (nyumba inavyoonekana ikipasuliwa kutoka juu hadi chini), 1:100, PDF ya A3, unene wa mistari umetofautishwa. Mtamjua kuliko kwa beji kumi.

Jibu #2
Yakhe, umenena, ila kwenye nguzo umeionea SketchUp. Chagua duara, andika 96s, yaani vipande 96, bonyeza Enter, ndipo uchore. Ujazo unatoka 0.2119, ukikaribisha ni 0.212. Hilo kosa la mchoraji.

Jibu #3 (mfungua uzi)
Sheikh, hiyo ni pale unapoanza mwenyewe. Mtihani unakupa faili ambalo nguzo imeshainuliwa, na duara likishainuliwa idadi ya vipande haibadiliki tena. Itakubidi ufute uchore upya, na dakika zinakwenda. Aliyetunga swali angeandika neno moja tu, "duara la vipande 24" au "duara kamili", pasingekuwa na ubishi.

Jibu #4
Kwa wanaofanya wiki hii: piga picha ya skrini ya ukurasa wa masharti kabla ya kubofya anza, andika saa umeme ulipokatika na uliporudi, tuma barua pepe siku hiyo hiyo. Na mkiweka miadi, tazameni saa ya nchi gani. Sisi tuko UTC+3, yaani saa tatu mbele ya saa ya kimataifa, na hata wakiandika kwa saa za kwetu, 9 AM si saa tisa, ni saa tatu asubuhi.