Nguzo ya baraza imeoza chini, niunge au ning'oe yote?

Mtu wa Ng'ambo: Mwangaluka wakuu. Hapa nyumbani kwa mzee Tabora baraza la mbele limebebwa na nguzo za mti, sasa ile ya kona, panapodondokea maji ya bati, imeoza pale inapoingia ardhini, nimechokoa na bisibisi ikazama mpaka mpini ila futi moja juu mti mgumu kabisa ukigonga unalia. Fundi anasema tumwage zege kuizunguka yaishe. Masika ya November hayo yanakuja, nifanyeje?

seremala_isevya: Hilo zege la kuzunguka achana nalo kabisa mkuu. Mti ukikauka unasinyaa, zege haliufuati, panabaki upenyo maji yanaingia humo hayatoki, unakuwa umeupikia mti uozo. Juu si pazima? Using'oe. Weka mirunda miwili huku na huku chini ya boriti, iwe na ubao mpana chini isizame, kaza na kabari taratibu mpaka nguzo ilegee basi, ukizidisha misumari ya bati inang'oka. Kata mpaka ufike kwenye mti mzima. Chimba, mimina zege 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto) lije juu ya ardhi kama sentimita 20, uchomeke humo flatibaa (chuma bapa) iliyokunjwa U likiwa bichi, nguzo utaikalisha humo kwa bolti mbili, isiguse zege. Limwagilie siku 7 ndo utoe mirunda.

Mama Asali: Na kabla ya yote weka gata jamani, maji yakiendelea kumwagika hapohapo mtarudi tu humu

dogo_kiloleni: si apake oili chafu tu, bibi yangu alikuwa anapaka mchwa hawasogei

seremala_isevya: @dogo_kiloleni mchwa labda, ila mti ulioshaoza haurudi hata uuogeshe, na ile oili inaharibu udongo, kama ana kisima karibu je? Mkuu mti gani huo? Kiini cha mninga au mkora hakiozi kirahisi hivyo, nahisi ni mkaratusi.

Mtu wa Ng'ambo: Mkaratusi kweli. Vijia vya udongo sijaviona, kwa hiyo nahisi mchwa hamna. Flatibaa nene kiasi gani?

seremala_isevya: Milimita 6, upana umwambie mchomeleaji kulingana na nguzo, apige rangi ya kutu. Na hizo nguzo zingine umezichokoa?

Mtu wa Ng'ambo: Bado, ngoja nikachukue bisibisi