Mjadala: Je, DJ wa Tanga anayepiga house amewatupa wa kwao?

Mleta mada

Wadau, habari zenu. Kuna hoja inazunguka hapa Tanga mjini, ilianzia barazani na sasa imefika kwa wenye kumbi: DJ wa klabu alazimishwe nusu ya usiku wake, au zaidi, apige nyimbo za Kitanzania, na "hizo dundadunda za Kizungu" ziachwe hadi saa ya mwisho. Mimi ni DJ, napiga house, ule muziki wa klabu wa mashine na dundo linalojirudia, na hoja hiyo naipinga. Nitasema kwa nini, kisha mnijibu. Naomba tusitukanane.

Naanza na huo Uzungu. House ilizaliwa Chicago, Marekani, mikononi mwa vijana weusi na Walatino, wengi wao mashoga, ambao hawakuwa na ukumbi mwingine wa kuchezea kwa amani. Klabu yao iliitwa Warehouse, ilifunguliwa mwaka 1977, na aliyekuwa anawapigia ni Frankie Knuckles, kijana aliyehamia kutoka New York. Tarehe 12 Julai 1979, kwenye uwanja wa besiboli wa Comiskey Park katika mji huohuo, mtangazaji wa redio alilipua kreti zima la santuri za disko, umati ukashangilia na kuvamia uwanja. Siku hiyo kijana mweusi anayeitwa Vince Lawrence alikuwa kazini palepale, akiwaonyesha watu viti vyao. Amesimulia kwamba santuri walizokuja nazo watu kuharibu hazikuwa za disko peke yake. Nyingi zilikuwa tu za wanamuziki weusi. Mwaka 1984 Lawrence huyohuyo alishirikiana na Jesse Saunders kutunga "On and On", santuri ambayo wengi wanaihesabu kuwa ya kwanza ya house. Sasa muziki uliotengenezwa na watu waliochomewa muziki wao, leo mnauita wa Kizungu?

Na vifaa walivyotumia ni mitumba. Kampuni ya Roland ya Japani ilitengeneza kimashine cha TB-303 ili kimpigie besi mpiga gitaa asiye na mwenzake. Hakikununulika. Kikaangukia maduka ya vitu vilivyotumika kwa bei ya kutupa, vijana wa Chicago wakakichukua, wakazungusha vitufe vyake mpaka kikatoa mlio wa kukwaruza ambao mtengenezaji hakuukusudia. Mwaka 1987 kundi la Phuture likatoa santuri kwa mlio huo, na Ulaya nzima ikacheza. Mtu wa Tanga, aliyezoea kuona fundi akifufua redio iliyokwisha kutupwa, anawaelewa hawa watu vizuri sana.

Nije kwangu. Nimelelewa Makorora kwa mama mkubwa, na pale kaseti zilikuwa za aina mbili: taarabu ya Black Star na Lucky Star, na dansi la Jamhuri Jazz na Atomic Jazz. Bendi zote hizo ni za hapahapa. House ilinifikia baadaye, kwenye kaseti iliyoletwa na binamu aliyekuwa akifanya kazi bandarini, haina hata jina la mpigaji. Kilichonishika ni subira. Dundo linaanza peke yake. Unalisikiliza hadi unadhani hakuna kingine kinachokuja, halafu kinanda kinaingia pole, kama mtu anayebisha hodi. Sauti ya mwimbaji unaweza kuingojea dakika tatu nzima. Nilikuwa nimeshaizoea subira hiyo kwenye taarabu, ambako ala hupiga peke yake kwa muda mrefu kabla mwimbaji hajafungua kinywa. Baadaye nikawafuata Waafrika Kusini, walioipunguza mwendo house wakapata kwaito miaka ya tisini, na baadaye amapiano. Black Coffee, DJ wao, mnamjua, aliyepata Grammy mwaka 2022. Mkono wake wa kushoto uliumia ujanani, kwa miaka mingi amechanganya kwa mmoja, na sijaona anayemzidi kwa utulivu.

Sasa hiyo nusu kwa nusu. Mnadhani ukimlazimisha DJ nusu ya Kitanzania atampiga Shakila, mwimbaji wetu wa taarabu? Atapiga nyimbo zilezile za Dar es Salaam zinazopigwa kwenye kila bajaji, kila kibanda cha chipsi, kila redio. Tanga haitapata hata dakika tano. Mji huu haujawahi kuogopa muziki unaoshuka bandarini. Santuri za Kuba zilifika pwani, wazee wakazigeuza dansi. Taarabu ya Unguja ilikuwa ya fidla, kanuni na udi. Black Star wakaingiza gitaa la umeme na besi, wakaipigia kwa mwendo wa chakacha, na leo tunajivuna kwamba hiyo ndiyo taarabu ya Tanga. Mngewawekea sheria ya nusu kwa nusu, tusingekuwa na cha kujivunia.

Mzee wa Ngamiani, mpiga gitaa la dansi, sasa amestaafu

Mwanangu, nimekusoma hadi mwisho. Historia ya Chicago umeieleza vizuri, wale vijana sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni wa sahani ya chakula.

Sisi bendi ilikuwa na watu kumi na zaidi. Gitaa la solo, la rithimu, besi, tumba, saksafoni mbili au tatu, waimbaji, na kijana wa kubeba vyombo ambaye naye alikuwa anajifunza. Ukumbi ukijaa, nyumba kumi zinakula. Leo unaingia wewe na kompyuta na kijana mmoja wa nyaya. Kiingilio ni kilekile au kimezidi. Hizo pesa za wale wengine wote zimekwenda wapi? Hazijaja kwako, najua, maana nasikia na nyinyi mnalipwa kidogo. Zimebaki kwa mwenye ukumbi.

Kwa hiyo mtu akisema nusu iwe ya Kitanzania, mimi nanyoosha mkono. Najua haitoshi. Lakini ndiyo hoja ya kwanza kwa muda mrefu inayomfanya mwenye ukumbi afikirie kwamba wenye muziki wapo na wako hai.

Jambo la pili. Umesema Black Star waliingiza gitaa la umeme. Kweli. Lakini walilipiga wao, kwa vidole vyao. Hawakuleta gitaa lililokwisha kupigwa na mtu mwingine.

Dada wa Chumbageni

Mimi ni mchezaji, naongea kama mtu aliyelipa kiingilio. Kaka DJ, tatizo letu na nyinyi wapiga house halihusu nchi ya muziki. Mnapiga mmefumba macho. Saa tatu usiku watu hawajakaa hata kwenye viti, wewe umeshaingia kwenye dundo lako la dakika tisa, unatikisa kichwa peke yako. Subira unayoisifu ni nzuri kwa mtu aliyekwisha kupata joto. Mtu aliyetoka kazini, kavaa kiatu kinachombana, ana saa mbili tu kabla mama yake hajaanza kupiga simu, huyo mpe wimbo anaoujua kwanza, ndipo umpeleke unakotaka.

Na niseme jingine ambalo nyote mnalikwepa. Mkisema "muziki wa Tanga" mnataja taarabu na dansi, vitu ambavyo vimekwisha kupata heshima. Mbona hakuna aliyetaja baikoko? Ngoma ya hapa, ngoma ya wanawake, inajaza watu uani kila msimu wa harusi, na ikitajwa mbele ya watu wazima kila mtu anaangalia chini. House inapigwa kwenye hoteli za Raskazone mnaiona ya kistaarabu. Baikoko inapigwa mtaani mnaiona aibu. Nyonga ni zilezile. Kama mnataka kujadili nani ametupwa, anzeni hapo.

Mdau wa Mabawa

Dada kaongea. Mimi nina swali fupi kwa mleta mada. Nimewahi kukusikia ukipiga taarabu ya zamani juu ya dundo la house, na ukumbi ulipagawa, sikatai. Ulimwomba nani ruhusa? Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Hao watunzi wa Black Star ama wapo, ama wana watoto. COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ipo. Ukijaza ukumbi kwa sauti ya bibi wa mtu, huyo mjukuu anapata nini?

Mleta mada

Shikamoo mzee wangu. Nitakujibu, lakini kwanza nimalizane na hawa wawili.

Dada, la saa tatu usiku nakubaliana nawe, na DJ yeyote anayestahili jina hilo analijua: unaanza na watu walipo. Mimi nafungua na vinavyojulikana, tena kwa mwendo wa chini, amapiano inayotembea kwenye mapigo 112 hivi kwa dakika, halafu napandisha kidogokidogo hadi 122. Mchezaji hahisi kwamba amepandishwa. Anayeanza na 124 ukumbi ukiwa mtupu anajipigia mwenyewe, na huyo simtetei. Kuhusu baikoko umesema kweli tupu. Mdundo wa zile ngoma ukiusikiliza bila kuangalia nani anacheza, ni dundo linalojirudia na kujirudia, na kitu kidogo kinabadilika juu yake mpaka watu wanapandwa na mori. House ndiyo hiyo. Sioni kwa nini niipige ya Durban na niione haya ya Mabokweni.

Mdau wa Mabawa, swali lako ni zito na sitalizungushia. Nieleze kwanza ninachofanya, kwa sababu wengi wanadhani ni kubonyeza kitufe. Chakacha ni mapigo sita yaliyogawanyika matatu-matatu. House ni madundo manne yaliyonyooka. Dundo linatakiwa liangukie pigo la kwanza na la nne la chakacha, na yale mengine yaachwe yaning'inie katikati. Hapo ndipo mwili unapata pa kuyumbia. Tabu ni kwamba zile rekodi zilipigwa na binadamu. Mpiga ngoma akifurahi, mwendo unapanda. Mwimbaji akivuta neno, mwendo unashuka. Kompyuta haiwezi kuzifuata yenyewe. Kidole changu hakiondoki kwenye kitelezo cha mwendo, sikio moja limefunikwa, jingine nimeliacha wazi ukumbini, na ninamsogeza yule mpiga ngoma wa zamani punje kwa punje asitoke kwenye dundo. Mara nyingine ananishinda katikati ya ubeti, nalazimika kulizima dundo na kumwacha apige peke yake mpaka mwisho.

Kwa hiyo kuna kazi yangu pale. Lakini kazi yangu haifuti ya kwao. Mimi nakubali kwamba ukumbi unaopiga rekodi uwe na leseni na ulipe, na mimi nikitaka kuitoa kazi kama hiyo iuzwe, nitafute wenyewe au warithi kabla sijaweka dundo hata moja. Kuipiga usiku mmoja ukumbini na kuiweka sokoni naviona ni vitu viwili tofauti. Kama hukubaliani, tuendelee hapo. Ninachokikataa ni kuziacha zisipigwe kabisa kwa hofu. Santuri za Black Star na Lucky Star zilikusanywa zikatolewa upya Uingereza mwaka 1989. Kuna mtu London anazo kabatini zikiwa safi, na kijana wa Mikanjuni hajawahi kuzisikia.

Sasa mzee. Sahani. Sina jibu la kukuridhisha, na sitajifanya ninalo. Naongeza tu kwamba nusu kwa nusu ya nyimbo haikurudishii hata shilingi. Mwenye ukumbi ataniambia nipakue nyimbo za Dar, atapunguza house, na wewe utabaki nyumbani vilevile. Kuhusu vidole, ni kweli, mimi sipigi ala. Frankie Knuckles naye alianza kwa kukata na kuunga kanda za nyimbo za wengine ili zidumu ukumbini. Lakini najua ukinisikiliza unasikia nafasi iliyo tupu pale juu ya dundo, kwa sababu hata mimi naisikia. Pale pangekaa gitaa la solo.

Mzee wa Ngamiani

Marahaba. Umenijibu kama mtu aliyefundwa, nami nitaibadilisha hoja yangu kidogo.

Nusu kwa nusu ibaki, lakini isihesabiwe kwa nyimbo. Ihesabiwe kwa mfuko. Ukumbi ukiweka usiku wa muziki, nusu ya malipo ya wapigaji iende kwa mtu aliyesimama pale na ala mkononi: gitaa, ngoma, zumari, hata mwimbaji peke yake. Nusu ya pili ni yako, piga house yako mpaka asubuhi, sitakuuliza imetoka wapi. Huyo wa baikoko wa dada naye aingie kwenye hiyo nusu ya kwanza, mimi sina haya naye.

Dundo lako la 120 nimelijaribu jana na gitaa langu la zamani, mjukuu kalifungulia kwenye simu. Halinisumbui. Linanyooka mno, halipumui, lakini ukilizoea unaweza kupita katikati yake.

Mleta mada

Hiyo ya mfuko naiunga mkono, hata kama itapunguza changu. Kupumua nako umesema kweli, ndiyo maana natafuta mtu wa kupita katikati.

Wenye kumbi, nyinyi mnaosoma na kunyamaza tangu mwanzo: hesabu ya kiingilio iko kwenu. Wapigaji wawili badala ya mmoja, usiku mmoja kwa mwezi, mnaweza au hamwezi? Na kama hamwezi, wekeni hapa namba zenu tuzione.