Madeni na kibali cha siri za serikali ya Marekani

MkaziWaIgoma: Wadau, habari za jioni. Shemeji yangu ni raia wa Marekani, anaomba kazi inayotaka kibali cha kuona siri za serikali. Ana deni la kadi ya benki hajalipa miezi mitano, na kila mwezi humtumia mama mkwe hela hapa Mwanza. Litamkwamisha?

Ngosha_Sheria: Mkuu, kudaiwa peke yake si kosa. Mwongozo wa SEAD 4 wa 2017, yaani kanuni za Marekani za kuamua nani apewe kibali hicho, kipengele F cha mambo ya fedha, hauweki kiwango cha dola. Wanachopima ni kama anaaminika na kama shida ya hela yaweza kumsukuma auze siri. Fomu SF-86, ile ya kuombea kibali, sehemu ya 26, inauliza madeni yaliyopitiliza siku 120 ndani ya miaka 7, hata yaliyokwisha kulipwa. Aliandike! Taarifa zake za mikopo zitavutwa tu, na uongo kwenye fomu ile ni jinai.

DadaWaNyegezi: Nakazia. Kabla ya kujaza achukue taarifa zake za mikopo Equifax, Experian na TransUnion, kampuni zinazotunza kumbukumbu za mikopo Marekani, maana deni likishauzwa kwa wakusanya madeni huweza kuonekana mara mbili. Kisha aandikiane na benki mpango wa malipo, aanze kulipa kabla hajaulizwa, atunze kila risiti. Ahadi tupu haina uzito. Kama chanzo ni kuachishwa kazi au ugonjwa, awe na barua mkononi.

Ngosha_Sheria: Na hela anazomtumia mama mkwe nazo azitaje, sehemu ya 20A ya fomu hiyo, kama mama huyo si raia wa Marekani. Ritani za kodi pia ziwe zimewasilishwa zote.